Picha ya kompyuta ya ofisi: Nani ashike ufunguo?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayenunua kompyuta kwa ajili ya ofisi huhesabu bei ya mashine, printa, umeme na bando la intaneti. Mara chache huhesabu gharama ya vitu vidogo vinavyobadilishwa na watumiaji baada ya mashine kuwekwa mezani. Kimojawapo ni picha inayotandazwa nyuma ya alama za programu kwenye skrini, ambayo watumiaji wa simu wameizoea kwa jina la mandhari.

Jambo hilo linaonekana dogo, na kwa kweli ni dogo. Hata hivyo, wapo mafundi wanaotoza fedha kulifunga, wapo waajiri wanaogombana na wafanyakazi kwa ajili yake, na wapo wanunuzi wa kompyuta zilizotumika wanaokutana na kufuli hiyo bila kuitarajia. Wiki hii tunaeleza kufuli hiyo inavyofanya kazi, inagharimu nini, na kwa nini suala la msingi si picha yenyewe bali ni nani mwenye ufunguo wa mashine.

Sababu za kufunga

Sababu ya kwanza ni sura ya biashara. Kompyuta iliyopo kaunta, ambayo mteja anaiona wakati anahudumiwa, ni sawa na ubao wa tangazo. Benki, hoteli na kampuni za bima huweka nembo yao na kuifunga kwa sababu hiyo hiyo inayowafanya wawavishe wafanyakazi sare.

Sababu ya pili ni muda wa fundi. Katika ofisi zenye mashine nyingi, picha inaweza kubeba maelezo ya kazi, kwa mfano jina la kompyuta na namba yake kwenye mtandao. Ipo programu ya bure ya Microsoft iitwayo BGInfo inayoandika maelezo hayo juu ya picha. Mfanyakazi anapopiga simu kuomba msaada, anasoma jina la mashine kwenye skrini yake na fundi anajua mara moja anashughulikia ipi. Picha ikibadilishwa, msaada huo unapotea.

Sababu ya tatu ni usalama, na hapa inafaa kuwa makini kwa sababu hutiwa chumvi sana. Ni kweli kwamba mafaili ya picha na ya mapambo ya skrini yamewahi kuleta madhara. Mwezi Septemba mwaka 2004 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyowezesha picha ya aina ya JPEG, ikiwa imetengenezwa kwa nia mbaya, kuendesha programu ndani ya kompyuta. Januari 2024 ilirekebishwa kasoro nyingine iliyohusu mafaili ya mapambo ya Windows, ambayo yangeweza kuifanya kompyuta ipeleke nje taarifa za kuingilia za mtumiaji. Mwaka 2020 picha moja ya mandhari ya ziwa ilizifanya baadhi ya simu za Android zizime na kuwaka mfululizo, ingawa aliyeipiga hakuwa na nia mbaya. Tatizo lilikuwa namna rangi zake zilivyohifadhiwa.

Sababu ya nne, ambayo ilikuwa na uzito zamani, ni wepesi wa mashine. Windows 95 ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Picha ya nukta 800 kwa 600 yenye rangi 256 ni baiti 480,000, yaani zaidi ya sehemu 1 ya 10 ya kumbukumbu yote hiyo. Leo picha ya nukta 1,920 kwa 1,080 inachukua kiasi cha megabaiti 8, ambayo ni sehemu 1 ya 1,000 hivi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8. Fundi anayekwambia leo kwamba kompyuta yako ni nzito kwa sababu ya picha, mwombe atafute sababu nyingine.

Mahali pekee ambapo hoja hiyo bado ina nguvu ni kwa wafanyabiashara wenye tawi linaloingia kwenye kompyuta ya makao makuu kwa njia ya intaneti. Hapo kila kinachoonekana kwenye skrini ya mbali husafirishwa kwa bando. Programu ya Remote Desktop ina sehemu ya kuondoa picha hiyo kabisa, na kwa anayelipia kila megabaiti ni busara kuitumia.

Ilikotoka

Wazo la kufunga skrini si geni. Windows 95, iliyotoka Agosti 24, 1995, ilikuwa na chombo cha kuwawekea watumiaji masharti, likiwamo la picha. Kufuli yake ilikuwa dhaifu, kwani kwenye mashine nyingi za wakati ule mtu aliweza kuruka dirisha la kuingilia kwa kubonyeza kitufe cha Esc. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 ilikuwa imara zaidi, lakini masharti yake yalibaki yameandikwa ndani ya mashine hata baada ya msimamizi kuyaondoa kwenye seva.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2000 pamoja na Windows 2000, iliyoleta utaratibu uitwao Group Policy. Chini ya utaratibu huo masharti huandikwa mahali pamoja, kompyuta zote za ofisi huyasoma, na yakifutwa huondoka. Ndio utaratibu unaotumika hadi leo katika ofisi zenye seva ya Windows.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwamba hata haki ya kubadili picha inaweza kuwa bidhaa sokoni. Mwaka 2009 Microsoft ilitoa Windows 7 katika matoleo kadhaa. Toleo la chini kabisa, lililoitwa Starter na kuwekwa kwenye kompyuta ndogo za bei nafuu, halikumruhusu mnunuzi kubadili picha ya skrini. Aliyetaka kuweka picha yake mwenyewe alitakiwa kulipia toleo la juu zaidi. Hapo mwenye ufunguo hakuwa mwajiri wala mfanyakazi, bali muuzaji wa programu.

Inavyofungwa leo

Kwenye Windows 10 na 11 kuna masharti mawili yanayohusika, na ni vizuri mwenye biashara ayajue kwa majina ili asibabaishwe. La kwanza ni "Desktop Wallpaper", ambalo hutaja picha gani iwekwe na papo hapo humzuia mtumiaji kuibadili. La pili ni "Prevent changing desktop background", ambalo huzuia kubadili bila kutaja picha yoyote. Anayewasha hilo la pili peke yake anafungia picha yoyote iliyokuwapo, iwe nembo ya kampuni au gari la ndoto za keshia.

Ofisi yenye seva huandika masharti hayo mara moja. Kompyuta huyasoma upya kila baada ya dakika 90, pamoja na nyongeza isiyozidi dakika 30 ili mashine zote zisiiendee seva kwa wakati mmoja. Mara nyingi picha mpya huonekana mtumiaji anapotoka kwenye akaunti yake na kuingia tena. Kwa hiyo fundi akimaliza kazi na picha isibadilike palepale, si lazima awe amekosea.

Ofisi isiyo na seva hufanya kazi hiyo mashine kwa mashine kwa kutumia chombo kiitwacho gpedit.msc. Hapa ndipo penye mtego wa bei. Chombo hicho kimo katika toleo la Pro na yale ya juu yake, lakini hakimo katika Home, toleo ambalo huja na kompyuta nyingi za bei nafuu. Kupandisha Home kuwa Pro kumekuwa kukitozwa dola 99 za Marekani kwa mashine moja katika duka la Microsoft la nchini Marekani. Kwa mashine 10 ni dola 990.

Hakuna sababu ya kutumia dola 990 kwa ajili ya picha. Pro ina thamani kwa anayetaka kuunganisha mashine zake na seva, kuzisimamia akiwa mbali, au kufunga diski nzima kwa BitLocker ili kompyuta ikiibwa mwizi asisome hesabu za duka. Mwenye mahitaji hayo atapata na kufuli ya picha bila nyongeza. Asiye nayo, fundi anaweza kuandika sharti hilo hilo moja kwa moja kwenye rejista ya Windows Home. Kazi hiyo haihitaji kununua kitu, ila inahitaji mtu makini, kwani kosa kwenye rejista linaweza kuiharibu mashine.

Kwa wanaotumia vifaa vingine, mambo yanafanana. Linux yenye mazingira ya GNOME ina njia ya kufunga picha bila malipo. Simu na tableti za Android zinazosimamiwa na kampuni, kama zile wanazopewa maofisa mauzo, zinaweza kuzuiwa kubadili mandhari tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016.

Hesabu yake

Tuchukue mfano wa ofisi yenye kompyuta 10. Tuseme fundi huitwa mara 2 kwa mwezi kurekebisha skrini zilizovurugwa, na kila safari hulipwa Sh. 20,000. Kwa mwaka ni safari 24, sawa na Sh. 480,000. Tuseme pia kufunga mashine moja kunamchukua dakika 15. Kwa mashine zote ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu, au chini ya siku moja ya kazi. Hata akilipwa Sh. 100,000 kwa siku hiyo, mwenye ofisi anarudisha fedha yake ndani ya miezi mitatu.

Huo ni mfano wa kuonyesha njia ya hesabu, na kila mmoja aweke takwimu zake. Ofisi ambayo haijawahi kumwita fundi kwa sababu ya skrini haina cha kuokoa, na Sh. 100,000 hiyo ingefaa zaidi kununua diski ya kuhifadhia nakala za hesabu.

Ufunguo uko wapi?

Sasa tufike kwenye kiini. Windows hugawa akaunti za watumiaji katika makundi mawili makubwa. Msimamizi anaweza kuweka na kutoa programu, kubadili masharti na kufungua akaunti za wengine. Mtumiaji wa kawaida hufanya kazi zake za kila siku bila kugusa hayo. Kufuli ya picha inafanya kazi vizuri dhidi ya mtumiaji wa kawaida. Dhidi ya msimamizi haina nguvu, kwa kuwa yeye anaweza kufuta sharti lenyewe kwa dakika chache.

Katika biashara nyingi ndogo kompyuta huwa na akaunti moja tu, ile iliyofunguliwa siku mashine ilipotolewa kwenye boksi, na akaunti hiyo ni ya msimamizi. Keshia, karani wa stoo na kijana wa likizo wote huingia kwa hiyo hiyo, kwa neno la siri lililobandikwa kwenye karatasi pembeni ya skrini. Mwenye duka anayefunga picha katika hali hiyo amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Tena hasara haiishii kwenye picha. Anayeweza kuondoa kufuli hiyo anaweza pia kuzima kinga ya virusi, kuweka programu asiyoijua mwenye mali, na kufuta mafaili ya mauzo ya mwezi mzima. Hata kama yeye mwenyewe hana nia mbaya, programu haribifu aliyoifungua kwa bahati mbaya hupata nafasi kubwa ya kupewa uwezo huo huo.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni huu. Mwenye biashara awe na akaunti ya msimamizi yenye neno la siri analolijua yeye na mtu mmoja anayemwamini, liandikwe na kufungiwa kabatini. Kila mfanyakazi apewe akaunti yake ya kawaida. Hatua hiyo haihitaji kununua chochote, na inawezekana hata kwenye Home. Baada ya hapo ndipo kufuli ya picha, kama inahitajika, itakuwa na maana.

Kompyuta za mtumba

Wanunuzi wa kompyuta zilizotumika wana sababu ya ziada ya kuelewa jambo hili. Mashine nyingi za aina hiyo zilitoka kwenye makampuni yaliyokuwa yakizisimamia kwa karibu. Mnunuzi anayewasha mashine dukani na kukuta picha haibadiliki asione ni ubovu mdogo wa kumwachia fundi. Kuna maelezo mawili ya kawaida.

La kwanza ni kwamba Windows yake haijathibitishwa leseni. Windows 10 na 11 zisizo na leseni hufunga ukurasa wa mapambo, na huonyesha maandishi hafifu pembeni chini kulia yakitaka leseni. Hapo bei uliyotajiwa si bei kamili, kwa sababu bado kuna leseni ya kununua.

La pili ni kwamba mashine bado iko chini ya masharti ya mwenyewe wa zamani. Ukurasa wa mapambo huandika kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi. Mara nyingi kuweka Windows upya humaliza tatizo. Lakini kama kampuni ya zamani ilisajili mashine hiyo katika huduma ya Windows Autopilot na haikuiondoa, hata baada ya kuwekwa upya na kuunganishwa na intaneti itadai akaunti ya kampuni hiyo. Anayenunua mashine 20 za kuuza tena na kukuta hali hiyo amefungia mtaji wake. Dawa ni kujaribu kabla ya kulipa: mashine iwekwe upya, iunganishwe na intaneti mbele yako, na uone kama inafungua akaunti mpya bila kutaja jina la kampuni nyingine.

Mitego ya kazi yenyewe

Malalamiko yanayojirudia baada ya kufunga picha ni machache na yana majibu. Skrini nyeusi mara nyingi maana yake ni kwamba faili la picha liliwekwa mahali ambapo mashine haifiki, kwa mfano kwenye seva iliyozimwa. Weka nakala ndani ya kila kompyuta, katika folda ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuisoma lakini hawezi kuiandika. Picha ya zamani kuendelea kuonekana hutokana na Windows kujiwekea nakala yake. Picha mpya ipewe jina jipya la faili.

Aidha, masharti yanayowekwa kwa gpedit.msc humhusu kila anayetumia mashine hiyo, bosi mwenyewe akiwamo, isipokuwa kama fundi amechagua yawahusu wasio wasimamizi pekee.

Isichoweza kufanya

Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili, ikabadili picha ya skrini kuwa tangazo lake, na kudai dola 300 kwa bitcoin. Waliosalimika si wale waliofunga picha, bali wale walioweka marekebisho ambayo Microsoft ilikuwa imeyatoa Machi mwaka huo, miezi miwili kabla.

Fundi anayeuza kufuli ya picha kama kinga ya virusi anauza mwavuli kwa anayezama majini. Fedha ya usalama ina mahali pengine pa kuanzia: nakala za hesabu nje ya kompyuta, marekebisho ya Windows kwa wakati, na akaunti za kawaida kwa wafanyakazi. Wenye Windows 10 wakumbuke kwamba muda wake wa kawaida wa marekebisho ya bure ulimalizika Oktoba 14, 2025. Kwao hilo ni suala la kushughulikia kabla ya picha.

Tusisahau upande wa mfanyakazi. Karani wa chumba cha nyuma aliyeweka picha ya mwanawe hadhuru biashara, na kumfungia ni kununua chuki bila faida. Mwenye macho dhaifu anaweza kuhitaji rangi moja tulivu nyuma ya maandishi ili asome vizuri. Kufuli ina nafasi yake kaunta, kwenye mashine za kutumiwa na watu wengi, na pale picha inapobeba maelezo ya kazi.

Maswali kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayeletewa ankara ya huduma hii aulize mambo manne. Wafanyakazi wangu wanaingia kwa akaunti za aina gani? Toleo la Windows ni Home au Pro, na kama unataka nilipie Pro, nitapata nini kingine? Faili la picha litakaa wapi? Na kazi ikiisha, neno la siri la msimamizi utalijua wewe au mimi?

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza fedha katika duka la mwenzake anaweza kuuliza lile la kwanza na la mwisho. Ikiwa mwenye duka hajui ni nani mwenye neno la siri la msimamizi wa kompyuta inayotunza hesabu, basi hesabu anazoonyeshwa zinaweza kuguswa na yeyote anayekaa kwenye kiti cha keshia. Hilo lipimwe kabla ya kutia saini.